Anakuja Tu

...na bado hajafika kwa mbwa, Mzee Ezron, ameshapita kwa wagonjwa, ameshapita kwa wajane na wasafiri, amewataja hata madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani, nao huko barabarani wanapiga honi kama wanaoitikia, sasa yuko kwa vijana, waepushwe na pombe kali na tamaa ya fedha za haraka, na mimi nimesimama na wenzangu kwenye baraza la ofisi ya mtaa, mikono nimeifumbata mbele, kichwa nimeinamisha, macho yangu wazi, kwa sababu nikiyafumba naliona lile fuko la sumu lililofungiwa kabatini kwa mwenyekiti, mlango wa nyuma yangu tu hapa, fuko ambalo sala hii ikiisha, kama itaisha, litakuwa langu. Kila mtu hapa anajua mkutano utakwendaje. Mwenyekiti Osward atakohoa, atasema ajenda ni moja, wananchi wamechoka na mbwa wazururaji, mtoto wa mwenzetu yuko kitandani Mbeya kwa sababu ya mbwa, wanaokubali wauawe wanyooshe mikono, na mikono itanyooka, mingine miwili miwili, kisha atanigeukia mimi, dokta Judith, dokta wetu wa mifugo, utatusaidia kuchanganya, kana kwamba ananiomba nikoroge uji wa harusi, nichanganye sumu na nyama, niitandaze kuanzia machinjioni mpaka nyuma ya gereji, na kesho yake nipite na toroli kuokota. Mimi niliyesoma Morogoro miaka ile yote kutibu. Na ubaya ni kwamba nilishakubali, si kwa mdomo, kwa kukaa kimya, nilipopigiwa simu nikasema nimesikia, na hapa kwetu mtumishi wa serikali akisema nimesikia maana yake ndiyo, basi tangu hapo nimekuwa nikijiambia, Judith, ni mbwa tu, ni wagonjwa, wana upele mpaka masikioni, wana viroboto, wana kupe wamejipanga kwenye masikio kama punje za mbaazi, wana minyoo ya kila ukoo, wengine hata kutembea wanatembea kwa upande, pengine kufa ni nafuu yao... hivyo ndivyo mtu anavyojisemesha akishajua anakwenda kufanya jambo la hovyo, anaanza kumhurumia anayekwenda kumwua.

"Dokta," Jenista ananinong'oneza ubavuni, Jenista muuza vitenge, jirani yangu, anayesali kwa jicho moja, "fumba macho, Mungu atadhani unamkagua nyama." Nabana kicheko puani. Kwa Jenista kila kitu ni mzaha, anauza vitenge Tunduma asubuhi na Nakonde mchana, huku anasema mzigo umetoka Zambia, kule anasema umetoka Dar, na hakuna aliyewahi kumkamata, na mbele yetu hapa, benchi la kwanza, amesimama mtu ambaye kwa ajili yake hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kucheka kwa sauti, Fides, mama wa Witness, kanga begani, shingo imelegea, amekonda tangu Pasaka. Witness wake yuko hospitali Mbeya anasubiri kupasuliwa Alhamisi, darasa la tano, msichana wa kuruka kamba, alikuwa analalamika tu ubavu wa kulia, ubavu wa kulia, wakampa dawa ya vidonda vya tumbo, wakampa dawa ya malaria, bibi mmoja akamchanja chale, mpaka walipompiga picha wakaona uvimbe kwenye ini, una maji ndani, mkubwa kama chungwa, na daktari wa Mbeya, mwenye foleni ya watu mpaka getini, akamwambia Fides maneno matatu, inatokana na mbwa. Maneno matatu. Ni kweli kabisa, sina ugomvi nayo, ila kweli ikikatwa nusu namna ile ni kama dawa iliyokatwa nusu, Fides akapanda basi nayo, akashuka nayo stendi, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unasema mbwa wamemtia uvimbe mtoto wa watu, na ile nusu nyingine ya maelezo ikabaki huko Mbeya kwenye kiti cha wagonjwa, hakuna aliyeibeba. Mimi ninayo, hiyo nusu nyingine, nimekuwa nayo kooni wiki nzima kama mfupa, na mtu aliyefanya nusu hiyo isisemeke kwa raha katika mtaa huu ndiye huyu huyu anayesali...

"...Baba wa huruma, wewe uliyeumba kila chenye pumzi..." Sikiliza hiyo. Mzee Ezron, mzee wa kanisa, suti ya kijivu, sauti nzuri kweli, sauti ya kuzikia watu, ndiye mwenye machinjio ya huku juu, mbuzi na ng'ombe wote tunaokula upande huu wanapita mikononi mwa vijana wake, nami ndiye ninayekwenda alfajiri na gambuti zangu kukagua, na kila nikikagua, sikatai, anasimama pembeni yangu kwa heshima zote, shikamoo yangu anaipokea kama baba, halafu tunafika kwenye mapafu. Mapafu yenye malengelenge, mifuko midogo myeupe yenye maji, maini yaleyale, nayaona, nayapasua kidogo, nasema hili halifai, hili halifai, na hili, Mzee, hivi vifuko ndani yake kuna watoto wa mnyoo wa mbwa, mbwa akivila anakuwa na tegu wadogo, wadogo kuliko punje ya mchele, kwa mamia, tegu wanataga, mbwa anajisaidia, mbuzi anakula jani hapo, na mtoto anashika hapo au anamshika mbwa manyoya halafu anakula mkate na mkono uleule, kwa hiyo hivi vifuko vinafukiwa, vinafukiwa kwenda chini, si vinatupwa. "Vinafukiwa, dokta," anasema. "Mzee, naona mnavitupa pale." "Tunavitupa ndipo vifukiwe." "Vifukiwe na nani?" "Na mbwa, dokta, tumboni," na vijana wake wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha kisu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu kidogo, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri, na hapo ndipo watu wa aina ya Mzee Ezron wanapokushindia, wanakuchekesha kwanza. Wana jina lake kabisa, wale vijana, wanaita fungu la mbwa. Kila mnyama ana fungu la mwenye ng'ombe, fungu la mchinjaji, fungu la mbwa, na fungu la mbwa ni hilo hilo nililolikataa mimi, linarushwa juu ya ukuta, na mbwa wamejipanga ng'ambo kama waumini, wanajua saa, wanajua sauti ya panga likigonga gogo. "Kumnyima kiumbe riziki yake ni dhambi, dokta," aliniambia siku nyingine, kwa upole, kama anayenifundisha katekisimu. Na shimo lilikuwepo. Watu wa wilayani walipokuja kukagua lilichimbwa shimo zuri la kina, wakapiga nalo picha, mmoja akashika hata jembe, mvua za kwanza zikalijaza maji, likafukiwa lisije likameza ng'ombe, na juu yake sasa kuna kibanda cha supu. Supu tamu pia, nimekunywa. Kwa hiyo mtu anawalisha mbwa ugonjwa kila siku iliyoletwa na Mungu, kwa mkono wake, kwa jina la huruma, halafu anavaa suti kuja kuomba mbwa wafe, na hakuna anayeona kitu hapo, au wote tunaona, ila ni mzee, ni mzee wa kanisa, amewazikia watu mama zao, nani aanze...

"...na wenzetu wa ng'ambo, Baba, uwape moyo wa kudhibiti mifugo yao..." Ah. Tumefika Zambia. Nilijua tutafika. Mwenyekiti Osward naye katoa mguno wa kukubali, mmh, kwa sababu hiyo ni hoja yake, kila mahali amesema hawa mbwa si wa kwetu, wanatoka Nakonde, wanavuka usiku bila kugongewa muhuri, na mimi nina mama mdogo Nakonde, nimekaa sebuleni kwake nikasikia wanaume wa kule wakilalamikia imbwa sha ku Tanzania, mbwa wa Tanzania, wanavuka, wanaleta kupe, wanaleta kichaa, neno kwa neno, hata ile mmh ni ileile. Barabara moja, upana wa malori mawili, na mbwa mchafu siku zote ametoka upande wa pili. Laiti angekuwa na pasipoti tungejua. Lakini huo angalau ni uongo wa mpakani, tumeuzoea, unaishi nao kama vumbi, uongo ulionichosha mimi, ulionifanya nilie kwa hasira nikiwa nimekaa juu ya boksi la chanjo, ni ule mwingine, mdogo, wa maneno mawili. Anakuja tu. Mwaka jana tulipita na chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, na vidonge vya minyoo, bure, nyumba kwa nyumba, nabisha hodi, karibu dokta, samahani mama, nyumba hii mna mbwa, ah hapana sisi hatufugi, na mbwa amelala hapo kizingitini, kichwa juu ya kandambili ya mwenye nyumba, ananitazama. Na huyu? "Huyu? Huyu hatumfugi dokta, anakuja tu." Nyumba inayofuata, anakuja tu. Inayofuata, hata hatujui katokea wapi, anakuja tu, na mtoto mdogo nyuma ya mlango anasema kwa sauti mama, Simba anaumwa jicho, na mama anamfinya. Mtaa mzima, mbwa kila ua, na hakuna mbwa hata mmoja mwenye mtu. Nikarudi na vidonge vyangu karibu vyote, kwa sababu fomu... kwa sababu kazi inasema dawa apewe mwenye mbwa, na mwenye mbwa hayupo, ni kama kwenda kwenye msiba ukakuta maiti tu sebuleni na kila mtu anakwambia hata sisi tumemkuta.

Na hata uongo wenyewe si wa kujificha, hicho ndicho kinachoniudhi, kwa sababu ukiwatazama hao mbwa wa Mungu utaona migongo yao myeusi, inang'aa, oili chafu, tuko Tunduma, oili chafu ya malori inamwagika hapa kama maji kwingine, na watu wameamua ni dawa ya upele wa mbwa, wanampaka mgongo mzima, masikio, mkia, na oili inaua upele kweli, inaua na kupe, inaua na ini, mbwa anajilamba na kutapika siku nzima, nimepiga kelele mpaka nimechoka, lakini hebu nijibiwe na yeyote hapa, na Mzee Ezron kama anataka, mbwa asiye na mtu kapakwa oili na nani? Kajipaka? Kaenda gereji akaomba kopo? Mtu kakaa chini na mbwa huyo, kamshika taya asimng'ate, kapaka polepole kuzunguka macho isimwingie, maana huwa wanaacha miduara miwili safi kuzunguka macho, nimeiona, miduara ile inaonyesha mkono wa mtu kuliko muhuri wowote, na mtu huyohuyo leo yuko hapa barazani, amefumba macho, anasubiri kunyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa kuwaaibisha, hilo lazima niliseme humu kichwani ambamo hakuna anayesikia, nilipanga nikipewa nafasi ya kusema nitaanza hivyo, nani mwenye mbwa hapa asimame, na wasiposimama nitawatajia, wewe wa kwako yule wa kijivu, wewe yule kilema, na ningeanza na wa mbele kabisa, ningeanza na Fides. Kwa sababu Fides naye aliniambia maneno yale mawili. Yule mbwa mwekundu mwenye sikio lililopasuka, watoto wanamwita Visa kwa kuwa anavuka kwenda Nakonde na kurudi bila kuulizwa, nilimkuta kwenye ua wa Fides amelala, Witness amemlalia mgongoni kama mto, anasoma daftari, na Fides akatoka jikoni akasema sisi hatufugi mbwa dokta, huyo anakuja tu, na Witness akampapasa tu... na mimi wiki hii yote, aibu kusema, nimekuwa nikimkasirikia mwanamke ambaye mtoto wake anapasuliwa Alhamisi, nikisema moyoni ungekubali kile kidonge, kidonge kimoja, mama wewe, ungesema ndiyo ni wetu...

"Huyo hapo," ananong'ona Jenista, bila kusogeza midomo, "mshitakiwa kaja mwenyewe." Ni yeye, Visa, amepanda ngazi ya baraza, mbavu nje, mgongo mweusi wa oili mpaka mkiani, anatembea kwa adabu ya mbwa aliyekwisha kupigwa mawe, anapita katikati ya miguu ya watu wanaosali, mguu mmoja unamsukuma bila mwenyewe kufumbua macho, mwingine unamsukuma, anapita, ananusa ndoo ya maji ya mwenyekiti, anaacha, "...utuimarishe katika umoja wa mtaa wetu...", anapita viatu vya Mzee Ezron vilivyopigwa rangi, hao wanajuana, kila siku wanakutana ukutani, hata hamtazami, anazunguka benchi, na anakwenda kusimama ubavuni mwa Fides. Anakaa. Anamwegemea. Mungu wangu, nasema, sasa atampiga teke, na akimpiga hakuna wa kumlaumu, na mtu akifumbua macho sasa hivi ataona mbwa amemwegemea mama wa mgonjwa mbele ya mkutano wa kuua mbwa, wataonyeshana kwa vidole, wataanza, aa kumbe wa kwake... lakini wote wamefumba, watu thelathini, arobaini, ni mimi tu nisiyesali ninayeona, na Fides hafumbui macho, hampigi teke, hasogei, mkono wake wa kushoto tu unashuka, taratibu, chini ya ncha ya kanga, unalitafuta sikio la mbwa, lile lililopasuka, unaingia ndani yake, na vidole vinaanza kazi. Vidole viwili, kwa kupapasa, kama mama anavyompekua mtoto chawa huku akizungumza na wageni. Vinapata, vinabana, vinavuta. Kupe. Anaachia chini sakafuni. Vinarudi. Vinapapasa, vinabana, mbwa anabana jicho, anavumilia, anajua kinachofanyika, hii si mara ya kwanza, wala si ya kumi, mikono isiyojuana na mbwa haijui kupe hukaa kwenye mkunjo gani wa sikio.

...na mimi nimesimama hapa na shahada yangu na namwona baba. Kwetu Isansa, nyuma ya nyumba, kahawa imechanua, baba na lile jibwa lake tulilokuwa tunaliita Watasema, kwa ajili ya majirani, kila jina la mbwa kwetu ni ujumbe kwa jirani, na bwana shamba alipokuja akauliza mzee unafuga mbwa, baba, mtu aliyekataa hata kusema uongo wa bei ya kahawa, akasema hapana, huyo anakuja tu. Nikiwa mtoto niliona ni uongo, nikaona aibu. Halafu Watasema akafa, alikula kitu, na baba akambeba kwenye gunia la kahawa, akachimba mwenyewe, na jirani alipouliza unazika nini akajibu nafukia mzoga tu, ulikuwa unakuja tu hapa, na sauti ikakatika hapo kwenye tu, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na hakuwa amevaa viatu vya kamba. Kwa hiyo... ngoja. Kwa hiyo si uongo. Au ni uongo wa namna nyingine kabisa. Mzee wa kanisa hasemi anampenda mbwa, mjane hasemi nampa mbwa ugali wakati jirani yake hana, mtu mzima hapa kwetu hatamki kwamba kuna mnyama anamngojea jioni, inasikika vibaya, inasikika kama Mzungu, basi anasema anakuja tu, na maana yake ni huyu tunaye. Ndiyo neno lenyewe. Sisi tulikuja na neno la darasani, mwenye mbwa, nani mwenye mbwa, kama tunatafuta mwenye gari lililogonga mtu, na wao wakatujibu kwa neno la nyumbani, wakatuambia kweli tupu, nyumba kwa nyumba, anakuja kwetu, huyu anakuja kwetu, na mimi msomi nikaondoka na vidonge vyangu nikisema watu hawa hawana mbwa. Ningeuliza tu, mama, nani anakuja kwako? Ungempa dawa yake akija? Hivyo tu. Nani angekataa. Na hakuna ambaye angekuwa amekiri kitu.

"...na sasa Baba," sauti inashuka, inakuwa nzito, amefika, "tunakuletea jambo hili la mbwa, viumbe wasio na mwenyewe, wanaoleta maradhi kwa watoto wetu, ukatuondolee, ukaisafishe Tunduma..." na vidole vya Fides vinasimama. Havitoki. Vinafunguka, kiganja kinalala juu ya sikio lote, kinaliziba, mpaka Mzee Ezron amalize sentensi yake, kama mtu anayemziba mtoto masikio watu wazima wakitukanana. Wasio na mwenyewe. Na mimi kooni ule mfupa unageuka, kwa sababu naelewa sasa anabeba nini huyu mama tangu ashuke kwenye basi, hajaja hapa kulipiza kisasi, amekuja kutoa sadaka, anaamini ni yeye, ni huyu mbwa wake na mkono wake waliompa mwanawe uvimbe, na anaona akimtoa pengine Alhamisi itapita salama. Na hakuna aliyemwambia. Uvimbe kama ule haukui kwa mwezi, mama Witness, haukui kwa mwaka mmoja, unakua polepole miaka mingi, na huyu Visa kazaliwa mvua za mwaka juzi tu nyuma ya gereji, nilimwona hajafungua macho, uvimbe wa Witness ulianza mbwa huyu hayupo duniani, mbwa aliyeuleta amekufa zamani, huyo hata kwa sumu hamtampata. Mtawaua hawa, kesho fungu la mbwa litarushwa ukutani saa ileile, litakuta ukuta mtupu, keshokutwa watakuja wengine, kutoka Nakonde, kutoka Mpemba, kutoka popote palipo na pua, watakula vifuko vilevile, na mtoto mwingine anayeruka kamba sasa hivi huko nje atalalamika ubavu wa kulia akiwa kidato cha pili, na Mzee Ezron atamwombea pia, vizuri sana. Hiyo ndiyo nusu iliyobaki Mbeya. Ni fupi. Inasemeka kwa pumzi moja.

Basi nitaisema, lakini si kwa Fides, si mbele ya watu, yeye nitamshika mkono pembeni nimwambie si wewe na si huyu, na kidonge ninacho ofisini, apewe leo akija, na mama yangu nawa mikono, nawa kwa sabuni kila ukitoka kumshika, upendo mpe ila mikono nawa. Huyo nimwache kabisa na ule utani wangu wa simama tukuone. Niliyekuwa nakwenda kumwaibisha ni mwepesi, ndiyo maana nilimchagua, mtu ukiwa na hasira unatafuta aliye karibu na asiyeweza kukujibu, na mwenye suti yuko hatua mbili mbele yangu, sauti nzuri, kiganja juu mbinguni. Yeye nitamwuliza shimo. Kwa heshima zote, shikamoo Mzee, na kabla hatujanyoosha mikono naomba tuelezwe lile shimo la machinjio liko wapi, na kama ni pale penye supu, supu ihame, na sumu ile Mwenyekiti uirudishe ilikotoka kwa sababu mimi siichanganyi, mtafute mwingine anayejua vipimo, hayupo, na mkiandika huko juu kwamba Judith amekataa andikeni na sababu. Watanung'unika. Osward atasema dokta unatetea mbwa kuliko watoto, nimeshaisikia kabla hajaitamka, na sijui nitapata jibu la haraka, mimi majibu mazuri huwa yananijia nikiwa nimeshalala, na uhamisho kwenda huko nyuma ya Mkwajuni kwenye machimbo unaandikwa kwa siku moja...

"Anamaliza," ananong'ona Jenista, "jiandae." Mzee Ezron anavuta pumzi ndefu, tunajiandaa wote, na kwa sauti mpya kabisa anakumbuka kwamba hatujaombea mvua. Watu wanabadilisha mguu wa kusimamia. Huko barabarani lori linazima, linawaka. Fides hajafumbua macho, kiganja chake kimeondoka kwenye sikio, vidole vimerudi kazini, vinapapasa, vinabana, vinavuta, safari hii mkubwa, wa rangi ya risasi, ameshiba, Fides anamwachia adondoke, anausogeza mguu taratibu huku akiitikia mvua, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, na anamsaga kwa kisigino.